Sala ya Upande wa Pili wa Ukuta

Mama Redio wa chumba cha kwanza, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, anasimulia kwamba Kidoti alichukua msumari wa inchi nne, akatoboa ukuta wa dobi, akatega sikio kwenye tundu siku saba mfululizo mpaka akaipata siri aliyokuwa akiitafuta. Anasema tundu lenyewe ameliona kwa macho yake mawili. Akikuona huamini, anaongeza kwamba misumari ilikuwa miwili.

Tundu halikuwepo, wala halikuhitajika. Vyumba vile sita vilijengwa kwa mstari chini ya bati moja, na kuta zake za mbao zilikoma kabla ya kufika juu, kama vile fundi aliishiwa mbao, au aliishiwa hamu. Mtu wa chumba cha pili akipiga chafya, wa chumba cha tano humwambia pole. Kidoti na baba yake walikaa chumba cha nne, dobi akakaa cha tano. Hapo kusikia hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kutosikia.

Kidoti alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na jina hilo alipewa kwa ajili ya doa dogo jeusi pembeni ya pua. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Aliondoka kabla ya mapambazuko, akarudi adhuhuri na unga kwenye nyusi, akaoga, akalala. Kidoti akitoka shuleni alimkuta amelala kifudifudi, mkono mmoja unaning'inia nje ya kitanda. Basi alivua viatu mlangoni, akaosha vyombo bila kuvigonganisha, kisha akaketi sakafuni karibu na ukuta wa dobi kufanya hesabu zake. Tangu saa tisa mpaka saa kumi na mbili jioni hakusema neno. Hakuwa na wa kumwambia.

Miezi minane nyuma alikuwepo mama. Mama ndiye aliyekuwa mwombaji wa nyumba ile. Aliombea chakula, aliombea mitihani, hata jiko likigoma kuwaka aliliombea. Kazi ya Kidoti na baba ilikuwa kuitikia "Amina." Mama alipougua, Kidoti alimwona baba akiomba mara moja tu, hospitalini, amepiga magoti katikati ya vitanda viwili bila kujali waliokuwa wakipita. Mama alifariki wiki ile ile. Tangu hapo baba hakuomba tena.

Kila jioni baba alipakua chakula, wakaketi, wakatazama sahani. Walingoja kidogo, kila mmoja kama anayemwachia mwenzake nafasi. Halafu baba alichukua kijiko. Kungoja kule kulichukua muda wa kuhesabu mpaka kumi na mbili. Kidoti alikuwa amehesabu mara nyingi, na kila alipofika kumi na mbili alijiona yuko mbali sana, mbali na mama, mbali na baba, na mbali na Mungu ambaye sasa hakuna mtu wa nyumba ile aliyemsemesha.

Ndipo alipokata shauri kujifunza kuomba.

Sala ya Bwana aliijua, lakini ile waliisema wote kanisani, tena mbiombio. Yeye alitaka ya kusema peke yake, kama mama. Alijaribu siku moja. Alifumba macho, akasema, "Mungu wetu," akakwama hapo hapo. Maneno ya mama yalikuwa yamekwenda na mama.

Lakini upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mtu ambaye maneno hayakumwishia. Dobi alikuwa bibi wa miaka sitini na ushei, mwembamba, mwenye mikono iliyokauka kwa sabuni. Kila alasiri alipiga pasi huku akiomba kwa sauti, bila kufumba macho, maana ukifumba macho na pasi ya mkaa mkononi utaunguza shati la mtu.

"Baba wee, kaa kidogo nikueleze," ndivyo alivyoanza siku zote. "Mgongo wangu umeniamsha tena, unauona mwenyewe. Asante kwa jua la jana, mashuka yote yamekauka. Mwanangu kule gerezani umpatie blanketi, na yule askari wa zamu umlainishe moyo. Na mimi unisamehe huu uongo wa meli, sijui nianzie wapi kuurudisha."

Kidoti alichukua penseli, akaandika. Aliandika siku hiyo na siku iliyofuata, akafuta, akapanga, mpaka akawa na ukurasa mzima ulionyooka. Kisha akaukariri kama alivyokariri jedwali la saba, bila kuuliza saba hizo ni za nini. Penye "mwanangu" alisita, kwa kuwa yeye hakuwa na mwana. Lakini kanisani watu wazima walisema kila Jumapili kwamba wao ni mavumbi, na hakuna aliyeonekana mavumbi. Akaona ndivyo sala zilivyo.

Jumapili ya Watoto ikafika. Baba alikuja, akakaa benchi la nyuma kabisa. Mwalimu wa watoto aliuliza nani atafunga ibada kwa sala, na Kidoti, ambaye darasani hujibu kwa kutikisa kichwa tu, akanyoosha mkono. Alitaka baba amsikie. Alitaka, wakirudi nyumbani, pale mezani pasiwe na kuhesabu tena.

"Baba wee, kaa kidogo nikueleze," alianza, sauti yake nyembamba ikapaa juu ya vichwa vya watu.

Wachache walitabasamu. Aliposema mgongo wake umemwamsha tena, watoto walicheka waziwazi. Aliendelea. Alipofika kwa mwana aliye gerezani, kicheko kilikatika. Kila mtu pale alijua ni nani huanza kuomba kwa kumwambia Mungu akae kidogo, na kila mtu alikuwa ameambiwa kwamba mwana wa dobi ni baharia wa meli kubwa. Mama Redio hakugeuza shingo tu, aligeuka na benchi. Dobi, aliyekuwa ameketi benchi la kati, alichukua mfuko wake, akainuka taratibu, akatoka. Kidoti akamalizia na uongo wa meli, kwa kuwa ndivyo ukurasa ulivyoishia, akasema "Amina." Walioitikia hawakuzidi watatu.

Njiani, walipofika kwenye bomba la maji, baba alisimama.

"Maneno yale umeyatoa wapi?"

"Kwa dobi."

"Alikupa?"

"Hapana."

Baba alijifuta uso kwa kiganja. "Basi kamrudishie," alisema. Hakusema maneno hurudishwa vipi.

Jumatatu alasiri Kidoti alikaa mahali pake. Upande wa pili pasi ililia juu ya meza, du, du, lakini hakuna aliyemwambia Baba akae kidogo. Jumanne vilevile. Kabla ya hapo Kidoti alidhani anajua kimya ni nini. Sasa vilikuwa vimya viwili, kimoja kila upande wa ukuta, na cha pili alikitengeneza yeye.

Jumatano alijikaza, akachukua daftari, akaenda kusimama mlangoni kwa dobi.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi, bibi. Shikamoo."

Salamu ilikaa hewani muda mrefu. "Marahaba," dobi alijibu hatimaye, bila kuinua macho. "Umekuja kuchukua lililobaki?"

Kidoti aliinua daftari. "Nimekuja kukurudishia. Niliandika hapa. Sikutoboa ukuta, bibi."

"Kwani siujui ukuta wangu? Huo hata panya haoni haja ya kuutoboa, anapita juu." Alinyunyizia shati maji. "Sasa ulikuwa unatafuta nini kwangu?"

"Nilitaka kujifunza kuomba."

"Mimi nilifungua shule lini?"

Kidoti alimnyooshea daftari. Dobi alilitazama, akatikisa kichwa. "Macho yangu hayafiki huko. Nisomee."

Ikambidi Kidoti aisome sala yote, amesimama kizingitini. Alipofikia uongo wa meli, sauti ilimshuka mpaka ikawa kama ya mtu anayejisemea. Dobi aliisimamisha pasi.

"Miaka miwili nimempandisha meli mtoto yule," alisema. "Nimempitisha bandari ambazo hata sizijui. Mama Redio aliniuliza meli yenyewe ina ghorofa ngapi, nikamwambia tatu. Kila siku namwomba Mungu anisaidie kuurudisha uongo huo. Sikutegemea atanisaidia kwa mtindo ule."

"Kwa hiyo nilifanya vizuri?"

"Usijipe sifa. Ulinivua nguo mbele za watu. Kama Mungu amepata la kufanya na kosa lako, hiyo ni kazi yake. Lako linabaki kosa."

"Nisamehe, bibi."

Dobi alimtazama kwa mara ya kwanza. "Nimekusamehe. Hasira bado ninayo, usishangae, hivyo viwili huweza kukaa chumba kimoja kwa siku chache. Weka daftari. Shika ncha za hili shuka."

Walisimama mbali kwa mbali, shuka limetanda katikati yao. Wakalivuta, wakalikunja, wakakutana, wakaachana tena.

"Watu wamekucheka?" Kidoti aliuliza.

"Mmoja. Wengine wawili walikuja kuniuliza siku ya kumtembelea mwanangu, wakaniachia sabuni nimpelekee." Alivuta pindo la shuka. "Haya niambie, mgongo unakuuma?"

"Hapana."

"Basi mbona ulimpelekea Mungu mgongo wangu? Akautafute kwako wapi?" Dobi aligeuza kola ya shati lililokuwa juu ya rundo, akamwonyesha uzi mwekundu ulioshonwa ndani. "Unauona? Huu wa mwalimu. Wa kijani ni wa daktari. Nguo mia moja zinapita hapa kwa wiki, na kila moja inarudi kwa mwenyewe. Sijawahi kumvalisha mwalimu suruali ya daktari kwa sababu tu imenyooka vizuri. Wewe uliona sala yangu imenyooka, ukaivaa. Sasa ya kwako iko wapi?"

"Sina, bibi. Nikifumba macho hakuna neno linalokuja."

"Hakuna linalokuuma?"

Kidoti alilitazama shuka. "Kwetu ni kimya," alisema.

"Basi mwambie hivyo."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Mwite kwanza, kama unavyomwita baba yako. Kama lipo la kushukuru, shukuru, ila liwe umeliona. Kama umekosa, litaje kosa kwa jina lake, usilifunikefunike. Kisha omba unachotaka, halafu nyamaza kidogo, maana na yeye si bubu. Na umalize kwa jina la Yesu, yeye ndiye aliyetufungulia mlango."

"Nikikosea?"

"Wale waliotembea naye mchana kutwa nao walimwomba awafundishe. Watu wazima, wenye ndevu zao. Sembuse wewe."

Kidoti alifumba macho. Ncha za shuka alikuwa amezishika bado.

"Baba," alisema, akangoja. "Kwetu ni kimya. Baba yangu anajifanya amelala, lakini nadhani halali. Nilichukua maneno ya bibi bila kuomba, huo ni wizi. Asante kwa kuwa bibi hakufunga mlango. Namtaka mama. Najua harudi. Nakuambia tu." Alinyamaza. Mkaa ulipasuka ndani ya pasi. "Kwa jina la Yesu, amina."

"Amina," dobi aliitikia, kwa sauti iliyokwaruza. Alilichukua shuka, akaliweka juu ya mengine, akalilainisha kwa kiganja ingawa lilikuwa limeshanyooka.

"Sasa sikiliza, na hili ulishike," alisema. "Mungu haombwi kwa midomo ya kuazima. Neno lako likiwa dogo, liwe dogo, likiwa la huzuni, liwe la huzuni, mradi ni la kweli na ni lako. Ukisema kweli mbele zake, umeshaomba. Na siri ya mtu ikikufikia, hata kama imepita juu ya ukuta yenyewe, haikufanyi kuwa mwenye siri. Iache pale ulipoikuta. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bibi."

"Haya, nenda. Na Mama Redio akikuuliza habari za tundu, mwambie aje atuonyeshe, maana mimi mwenyewe nalitafuta."

Jioni ile baba alipakua chakula. Waliketi, wakatazama sahani. Kidoti alihesabu moja, mbili, tatu, akaacha kuhesabu.

"Baba yetu," alisema, na baba yake akashtuka, kijiko kikagonga meza. "Asante kwa mkate huu, baba ameuoka mwenyewe. Leo nimemwomba bibi dobi msamaha, naye amenipa. Tunamkumbuka mama. Hatujui la kusema tukiwa wawili, tusaidie. Kwa jina la Yesu, amina."

Baba aliweka kijiko chini. Kisha ikatoka "Amina," nzito, ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kuitamka.

Walikula. Baba aliuliza habari za shule, Kidoti akamweleza mtoto aliyelala darasani mpaka akaanguka na dawati, na baba akatabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo. Mkate ukabaki kipande kimoja. Kidoti alikimega, akampa baba nusu kubwa.

"Baba," alisema, "kesho utaomba wewe?"

Baba alikipokea kile kipande. Aliufuta kwacho ukingo wa sahani polepole, mzunguko mzima, kisha akaanza mzunguko wa pili, kama anayetafuta neno la kuanzia.