Kaka Aliyefichwa Siku ya Posa

Kasyoka aliiweka simu juu ya kaunta, katikati ya pakiti za mbegu za mahindi na chupa za dawa ya kupe, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Tazama mwenyewe, Branice. Mimi sitaki kusema kitu."

Wawili hao walikuwa wakiuza pamoja katika agroveti moja mjini Voi. Branice alimaliza kwanza kumhudumia mkulima wa kutoka Rukanga, akamrudishia chenji yake, ndipo akaitazama video.

Ilikuwa Marekani, katika jimbo la Ohio. Mwanamume mwenye aproni ya kijani alikuwa akimweleza mwanahabari jinsi duka lao lilivyojiandaa. Kwa miaka mingi walikuwa wakiwauzia bangi wagonjwa wenye kadi ya daktari pekee, lakini sheria ilikuwa imebadilika. Kuanzia Jumanne, mtu yeyote aliyetimiza miaka ishirini na moja angeingia na kununua. Walikuwa wameongeza kaunta, wamewafundisha wahudumu wapya kukagua vitambulisho, na wametenga mlango wa wagonjwa ili wasisukumwe na umati. Alizungumza kwa ule utulivu uliomfanya Branice ampende.

Chini ya video mtu wa kwao alikuwa ameandika: *Kijana wetu wa Chawia sasa ni meneja wa duka la bangi.*

Alikuwa Lewis, mchumba wake.

"Si ulisema anafanya kazi kwa kemisti?" Kasyoka aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndivyo alivyoniambia."

Hilo lilikuwa kweli, lakini silo lililomfanya Branice akalie gunia la chakula cha kuku. Alikuwa akimfikiria kaka yake.

Baba yao, Mzee Wesonga, alitoka Busia kuja kufanya kazi ya reli, akazeekea na kufia Voi. Mama yao naye alishafariki. Walibaki wawili tu, yeye na Okoth, na Okoth ndiye mkubwa. Kwa hiyo mwezi wa nne, Lewis alipokuja likizo kuposa, aliyepaswa kuketi kiti cha baba na kuwapokea wageni ni Okoth. Shida ni kwamba Okoth alikuwa amefungwa mwaka mmoja na nusu kwa kukutwa na misokoto mitatu ya bangi kwenye jaketi. Alipotoka alienda kuvunja mawe kwenye machimbo ya Kishushe, ambako hakuna anayeuliza mtu ametoka wapi.

Wiki moja kabla ya posa, Lewis alikuwa amemwambia, "Mama ni mtu wa kanisa. Akisikia shemeji yangu alifungwa kwa bangi, hatapanda gari kuja kwenu. Mwambie tu asije."

Branice akampigia Okoth. Alimweleza kwa maneno mengi ya kuzunguka. Okoth akajibu, "Sawa, Ajiambo," akimwita kwa jina lake la nyumbani, akakata simu. Siku ya posa, baba yao mdogo Alexander aliletwa kutoka Busia, akaketi kile kiti. Wageni walipouliza kama bibi harusi ana kaka, wakaambiwa yuko Uganda kikazi.

Jioni hiyo, saa kumi na moja, kule kwa Lewis ikiwa asubuhi, Branice alipiga simu.

"Umeona," Lewis alisema, hata kabla ya salamu.

"Miaka mitatu umeniambia ni duka la dawa."

"Lilikuwa la dawa, Branice. Nilihudumia watu wa saratani, wazee wasioweza kulala kwa maumivu. Nilijiambia huo si uongo."

"Na sasa?"

"Sasa ni la kila mtu. Hata kujidanganya nimeshindwa."

"Ni nani alisema Okoth asije kwa posa?"

Nyuma yake zilisikika sauti za watu wakikokota masanduku. Ilikuwa siku ya kujaza rafu.

"Ni mimi."

"Siku hiyo ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Hii hii," Lewis alijibu.

Branice alikata simu. Alipotoka kazini alikuta meseji tatu. Alisoma ile ya mwisho tu: *Sina la kujitetea. Nitakuja nikuombe radhi ana kwa ana.* Akajibu kwa mstari mmoja: *Usije kwangu. Kuna mtu wa kwanza wa kuombwa.*

Video ilisambaa. Kanisani, waliokuwa wakimpongeza Branice kwa kupata mtu wa ng'ambo walianza kumsalimia kwa haraka. Mama Dinah, mama yake Lewis, alimpigia kutoka Chawia. Alikuwa ameoneshwa video hiyo kwenye mkutano wa akina mama, mbele ya watu wote. Hakulia wala hakufoka. Alisema tu kwamba Jumapili mbili hajakanyaga kanisani, kwa sababu ni yeye aliyekuwa akiongoza maombi ya watoto wa wenzake waache bangi, na sasa hajui atainuaje mikono. Branice alijua kuna jambo mama huyo bado hajaambiwa.

Lewis aliwasili katikati ya mwezi wa tisa. Branice alimpokea kituo cha treni, akamshika mkono tu, kama wanavyosalimiana watu matangani. Lewis alikuwa amekonda.

"Tupande Chawia?" aliuliza. "Mama ananingoja."

"Mama atangoja hadi kesho. Tunaenda Kishushe."

Walipata pikapu iliyopeleka maji machimboni. Barabara ni mawe matupu, na njia nzima hawakuongea. Branice alikuwa amejipanga. Alitaka kumwona Lewis akinyenyekea mbele ya kaka yake, basi. Alijiona kama mtu anayempeleka mkosaji kwa chifu.

Walimkuta Okoth nje ya kibanda chake cha mabati, anasonga ugali. Mikono yake ilikuwa myekundu kwa vumbi la mawe hadi kwenye viwiko. Hakushangaa. Habari zilikuwa zimefika hata huko.

Lewis hakuketi alipokaribishwa.

"Shemeji, nimekuja kukuomba radhi. Nilikufungia mlango kwa jambo lile lile linalonilisha mimi. Na sikukwambia mwenyewe. Nilimtuma dada yako."

Okoth aliupindua ugali sahanini, akafuta mwiko.

"Hao wateja wako huja mchana?"

"Mchana."

"Na polisi?"

"Siku ya kufungua, polisi walikuwa barabarani wakiongoza magari."

Okoth alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha chenyewe.

"Mimi nilikuwa na misokoto mitatu," alisema. "Mitatu, Lewis. Mama yetu alizikwa nikiwa ndani."

Lewis aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Wewe nimekusamehe," Okoth akaendelea. "Hukunijua. Uliogopa jina tu. Lakini ile simu haikutoka kwako." Akageuka. "Ni wewe ulinipigia, Ajiambo."

Maneno ya kujitetea yalikuwa tayari mdomoni mwa Branice: ni Lewis aliyeniambia, ni mama yake, ni watu wa kanisa. Alipomtazama kaka yake, yote yakamwisha.

"Niliona haya," alisema. "Si kwa sababu ya Lewis. Yeye alinipa tu kisingizio, nami nikafurahi kukipata. Tangu utoke jela, watu wakiniuliza niko na ndugu wangapi, nasema niko peke yangu."

Lewis aliinua kichwa akamtazama. Hata yeye hakuwa akilijua hilo.

Okoth aliweka mwiko kando.

"Nilijua," alisema mwishowe. "Kuna dereva wa lori hununua dawa ya ng'ombe kwenu. Aliniambia yule dada wa agroveti ni mtoto wa pekee."

"Lini?"

"Mwaka jana."

"Na hukuniuliza?"

"Ningekuuliza nini? Hata mimi nilikuwa najionea haya. Nikasema pengine una haki."

Hapo Branice alipiga magoti kwenye vumbi, akaanza kulia. Okoth hakumwinua haraka. Alimwacha alie, kisha akaleta maji ya kunawa, akammiminia mikononi mwenyewe. Akawaambia waanze kula kabla ugali haujapoa.

Kesho yake walipanda Chawia wote watatu. Mama Dinah alikuwa amepika, lakini hakuna aliyegusa chakula kabla Lewis hajasema yake. Alimwambia mama yake kila kitu, pamoja na habari ya Okoth na ule uongo wa Uganda.

"Kazi siachi, Mama," alimaliza. "Kule ni halali, na wagonjwa bado wana mlango wao. Uongo ndio nimeuacha."

Mama Dinah alimgeukia Okoth.

"Ni wewe uliyefungwa?"

"Ni mimi, Mama."

"Kwa misokoto mingapi?"

"Mitatu."

"Na wewe, Lewis, unauza mingapi kwa siku?"

"Mingi, Mama."

"Basi mimi ndiye niliyemfundisha mwanangu kuniogopa kuliko kusema kweli," mama huyo alisema taratibu. "Ile kazi yako siipendi, na sitaipenda. Lakini barua yetu ya posa ilipokelewa na asiye mwenyewe. Tutashuka Voi tena."

Walishuka Jumamosi iliyofuata, watu wachache kuliko mara ya kwanza. Wengine walikataa kuja, na wakasema wazi kwa nini. Okoth aliketi kiti cha baba yake akiwa na shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Msemaji wa wageni alipoomba kujulishwa wenyeji, baba mdogo Alexander, aliyeitwa tena, alitaka kusimama, lakini Branice alimtangulia.

"Huyu ni kaka yangu, Okoth Wesonga," alisema. "Hakuwa Uganda. Alikuwa Kishushe. Alifungwa kwa bangi, na mimi nilimficha kwa sababu nilimwonea haya. Kosa hilo ni langu."

Mama Dinah alikuwa akitazama mikono yake. Lewis alisimama, akaja kusimama kando ya Branice, ingawa si desturi mposaji kuvuka upande wa wenyeji kabla hajapewa ruhusa. Branice alibaki ameinama, akisubiri mtu aseme neno, lolote.

Okoth alikohoa kidogo, akasafisha koo.

"Inua uso, Ajiambo," alimwambia. "Wageni wetu hawajapewa chai."