Bibi wa Kupitishwa Jikoni

"Upande wa mama yake kijana, nani amekuja?" Mjomba Huseni aliuliza, kahawa hajaigusa.

Nyuma ya pazia Hamida, mpwa wake, alitega sikio. Kwao kijijini Kitomanga ukoo hufuata mama, na Mmwera haozi binti mpaka wajomba wa pande zote mbili wapeane mkono.

"Upande huo walishakwisha," alijibu Mzee Iddi, baba mdogo wa Yassin. "Sisi Washirazi wa Kilwa, bwana, tunahesabu kwa baba."

Simu ya Hamida ikatetemeka. Ni Yassin, aliyekuwa nje garini akisubiri majibu ya posa yake:

"Mpenzi, kuna kikongwe kashuka kwenye bodaboda. Mpishi wetu wa zamani, akili zimeruka. Mpitishe jikoni ale, aondoke."

Hamida akatoka. Uso wa bibi ulijaa chale za Kimwera za zamani, na katikati yake pua ya Yassin, ileile!

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Natoka Mingoyo. Mama yake Yassin nilimzaa mimi. Mjomba wake tumemzika mwaka jana, sasa nani mwingine wa kumsemea?"

Hasira ikampanda Hamida. Nusu yake alijikasirikia mwenyewe. Miaka miwili Yassin alimwambia, "Ukiulizwa, sema wewe wa Lindi mjini," naye akasema. Hata picha ya bibi yake mwenyewe, mwenye chale kama hizi, akaifuta kwenye simu.

Akamshika bibi mkono, akapita naye mlango wa mbele.

"Mjomba, waliokwisha hawa hapa. Wamekuja na bodaboda."

Mzee Iddi akakohoa. Yassin akaingia mbio.

"Hamida, usinidhalilishe!"

"Huyu nani?" Hamida akauliza.

"Tutaongea baadaye..."

"Nani, Yassin?"

Bibi alimtazama mjukuu wake, akasubiri kutajwa. Hakutajwa.

"Mimi Mmwera," Hamida akasema. "Nitakaowazaa ni Wamwera. Nikizeeka, na mimi utaniita mpishi?"

"Mpenzi, nakupenda!"

"Usinisogelee. Nikikutazama natamani kutema mate."

Mjomba Huseni akairudisha barua ya posa mapajani mwa Mzee Iddi.

"Nendeni. Bibi anabaki, hajala."

Gari lilipoondoka, bibi akaketi jamvini, akafuta machozi.

"Na wewe, mwanangu, ukoo wenu upi?"

Hamida hakuujua. Akamgeukia Huseni, uso umemwiva kwa aibu.

"Mjomba, nifundishe."