Vigae vya Bafuni

Walikutana kwenye duka la vifaa vya ujenzi, tena Jumamosi, siku ambayo duka lile hujaa mpaka watu wanakanyagana. Msusi alikuwa na gauni la njano na hasira za asubuhi, mkononi kashika koki aliyouziwa jana yake.

"Hiyo ya jikoni, dada," sauti ya fundi bomba mmoja ikamwambia nyuma yake. "Ya beseni la kuoshea nywele ni nyingine."

"Na wewe umejuaje kama nina beseni la nywele?"

"Una chanuo kichwani."

Akapapasa. Kweli, chanuo lilikuwa limesimama utosini, na alitoka nalo saluni hadi pale. Alicheka mpaka muuzaji akakasirika. Fundi huyo akaja kumfungia koki jioni ileile, akarudi kesho yake kuikagua, na keshokutwa akaja kuikagua tena. Koki ya watu! Wateja wa saluni walishajua kinachokaguliwa.

Mambo yakanoga. Tatizo likawa nyumba. Fundi alifiwa na mkewe miaka minne nyuma, na bado aliishi katika nyumba waliyojenga wote wawili.

"Mpenzi wangu, mimi humo siingii kuishi," Msusi alimwambia waziwazi. "Marehemu simwogopi. Ila kila nitakachogusa ni chake."

"Basi tunaiuza, tunanunua yetu."

Wakaipata kwa mzee mmoja mstaafu: vyumba viwili, ua, na chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani. Msusi alikitazama kile chumba akaona saluni yake, vioo vimeshatundikwa na wateja wamekaa. Akatoa akiba yake yote ikawa arbuni. Mzee akawapa mpaka Ijumaa saa sita mchana wamalizie, na cha kumalizia kingetoka kwenye nyumba ya Fundi.

"Tukishahamia tu," Fundi aliahidi, "nakuja kwenu kujitambulisha. Na viatu nitapiga rangi."

Wiki zikaenda, nyumba haiuziki. Jumatano, zikiwa zimebaki siku mbili, dalali akampigia Msusi.

"Dada, nisikufiche. Nimeshapeleka wateja saba. Wanaingia wanacheka, wanatoka wamenuna. Na mwenye nyumba hataki niingie nao, eti nyumba yake ataionyesha mwenyewe."

"Wa nane wanakwenda lini?"

"Saa nne hii."

Msusi akamwacha mteja na msaidizi, akaenda. Alipitia mlango wa nyuma, akasimama jikoni. Sauti ya Fundi ilitoka bafuni, tulivu kabisa.

"Bomba la hapa limeoza chini ya sakafu. Ukuta huu mvua ikinyesha unatoa maji. Mimi ni fundi, siwezi kuwaficha."

Wateja wakashukuru kwa adabu na kuondoka. Fundi akageuka, akamkuta Msusi mlangoni.

"Ah! Mpenzi, umefika saa ngapi?"

"Usiniite mpenzi. Bomba hilo kulitengeneza ni kazi ya siku ngapi?"

"Siku moja. Labda na nusu."

"Limeoza tangu lini?"

Fundi akakuna shingo. "Kama miaka mitatu."

"Miaka mitatu! Mji mzima unakuita uwazibie mabomba, lako umelikalia! Kwa nini?"

"Lazima nivunje sakafu."

"Si uvunje?"

Fundi aliangalia chini, na Msusi akaangalia anapoangalia. Vilikuwa vigae vya rangi mbalimbali, hakuna viwili vinavyofanana, vya kuokotwa kimoja kimoja kwenye marundo ya masalio.

"Aliviweka yeye," Msusi akasema.

"Kwa mkono wake."

"Ungeniambia! Ningekuelewa. Lakini umeniacha nitoe akiba yangu, nahesabu siku kama mjinga, kumbe hapa unafukuza wanunuzi."

"Sikufukuza mtu. Nilisema kweli."

"Kweli yako inakusaidia usihame."

Akaondoka, simu akazima. Na nikwambie jambo moja: Fundi hakuwa anadanganya. Aliamini kwa moyo wote kuwa ni uaminifu tu. Mtu wa hivyo anachosha kuliko mwongo.

Alhamisi asubuhi alichukua nyundo na patasi. Kigae cha kwanza kilipopasuka, akakaa kwenye ndoo akalia kwa sauti. Kisha akapasua cha pili. Mchana dalali akaleta mume na mke, wakamkuta amefukia mikono kwenye kifusi.

"Kuna nini hapa?" mwanamke akauliza.

"Bomba lilikuwa bovu. Nalibadilisha. Jumamosi asubuhi sakafu itakuwa imefungwa, rudini mwone wenyewe."

Walikubali kurudi, na hela wataleta siku hiyo. Jumamosi, si Ijumaa.

Ijumaa saa tano Fundi alimpigia Msusi, hapatikani. Akampigia mzee.

"Mzee wangu, nakuomba mpaka kesho tu."

"Mwanangu, hata mimi kuna nyumba nanunua, na mwenyewe ananisubiri leo. Kuna mtu amekuja na hela zake mkononi. Arbuni yenu nitairudisha, mimi si mnyang'anyi. Ila nyumba imekwenda."

Jumamosi, saa chache baada ya kusaini karatasi za mauzo, Fundi aliingia saluni na saruji kwenye nyusi. Msusi hakuinua macho kutoka kwenye msuko.

"Nyumba ya mzee imekwenda," Fundi alisema.

"Najua. Dalali kaniambia. Nimelia jana kutwa, kile chumba kilishakuwa changu."

"Nisamehe. Yangu nimeiuza leo."

Vidole vya Msusi vikasimama. "Na vigae?"

"Nimevivunja. Mwenyewe."

"Utakaa wapi?"

"Sijui. Nina wiki mbili za kutoka."

"Kwangu chumba ni kimoja. Na hatujaoana."

"Basi tuoane."

Mteja aliyekuwa anasukwa akageuza kichwa na kurudishwa kwa nguvu.

"Ndivyo watu wanavyoposa hivyo? Na saruji usoni?"

"Nyumba sina, viatu sijapiga rangi. Nimebaki mimi tu."

Msusi akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Macho ya Msusi yalikuwa mekundu.

"Hasira zangu hazijaisha," alisema. "Usidhani zimeisha."

"Sidhani."

"Lakini miezi yote hii ulikuwa unanijia mkiwa wawili. Leo ndiyo umekuja peke yako."

Akasogeza kiti kwa mguu.

"Kaa hapo. Nimalize kichwa cha dada huyu, kisha twende kwa mama yangu."