Mwanga wa Kufika Fungurume

Binti anayetongozwa katikati ya soko asifurahi upesi. Yolande hakufurahi, siku ile, pale soko la Dilala mjini Kolwezi, alikuwa na hasira tu.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya sanduku la fibre, nyuzi za kioo zinazobeba intaneti kwa mwanga, jileti ya njano juu ya blauzi ya kitenge, hereni za shaba zikimgonga shavu, pikipiki za taksi zikimpigia honi mgongoni.

"Nani alikunja uzi huu kama kamba ya mbuzi?"

"Mi." Kijana mrefu alisimama na mkate wa moto mkononi, shati limepigwa pasi mpaka kola. "Mi Stany. Nilipima mbele ya kufunga. Mwanga ulipita."

"Ulipima na mwanga gani?"

"Treize-dix," alisema kwa Kifaransa, yaani mwanga wa nanomita 1310.

"Na wenye utatumika mpaka kule mbali, mji wa Fungurume, njo gani, tata Stany?"

Akatafuna polepole. "Quinze-cinquante." Yaani 1550.

"Voilà. Treize-dix inavumilia kona kali, lakini inachoka njiani. Quinze-cinquante inafika mbali, ila ukiikunja hivi inatoroka. Unapima na mwanga wenye utasafiri."

Stany akainama achungulie ncha ya uzi. Yolande akamvuta sikio.

"Toa jicho. Huo mwanga hautauona, na unaweza kukuharibu."

"Mama Yolande, nimesha kuharibika."

Yolande alicheka, ndiyo. Wakaupanua mviringo wa uzi ukawa kama sahani, kipimo kikatulia, wakagawana mkate.

Simu zikaanza.

"Umelala, chou?" Stany aliuliza usiku, akimwita mpenzi kwa Kifaransa.

"Nimelala. Unaongea na usingizi."

Maneno yalikuwa matamu, lakini yote yalisemwa Dilala. Kila Yolande alipotaja mtaa wa Kapata, kwa Mama Adolphine aliyemzaa Stany, kijana aligeuza mazungumzo. Yolande ni wa asili ya Kasai. Baba yake, Tata Kazadi, alipokuwa kijana alifukuzwa Katanga, akapakiwa kwenye treni pamoja na Wakasai wenzake huku majirani wakiimba. Miaka ikapita, akarudi Kolwezi. Sasa nyumba yao ya Kasulo ilikuwa juu ya mashimo. Watu walichimba kobalti chini kwa chini mpaka jiko likatumbukia, kisha mtaa ukazungushiwa ua, wakaambiwa watoke.

"Turudie Kasai," alisema Kazadi. "Kufukuzwa mara mbili inatosha."

Yolande akapiga simu.

"Lori inakuya siku ya posho. Umesema kwa mama yako?"

"Ngoja kidogo, mupenzi. Unamujua mama. Ataanza mambo ya bantu ba Kasai."

"Stany, unanipima na treize-dix. Hapa karibu napita muzuri. Ya mbali je?"

Akakata. Stany alipiga tena na tena, hakupokea.

Siku hiyo ya posho, yaani Jumamosi, mabati yalikuwa yameshaezuliwa, mlango umeng'olewa, magodoro yamepakiwa. Ndipo akatokea mwanamke mnene, pagne mpya ya kitenge, kilemba kimesimama, na nyuma yake Stany na kreti ya bia.

"Tata Kazadi, nilikuja kubisha," alisema Mama Adolphine. "Mulango haiko."

"Iko juu ya lori, mama."

Akaenda kwenye lori, akaugonga mlango pale pale kati ya magodoro.

"Hodi. Mutoto wangu amesema mbele ya bajomba yake bote kama bibi yake wa kuoa njo Yolande. Nilikasirika mpaka asubuhi. Lakini tangu kuzaliwa alikuwa anaogopa hata kivuli yangu, na jana hakuniogopa. Njo maana nimekuya na miguu yangu, muchana, majirani baone."

Yolande akamtazama Stany.

"Na Kasai?"

Stany akavua begi begani, akalirusha juu ya lori. "Naenda na ninyi. Mahari nitatoa kule, mbele ya bajomba yako. Fibre inafika pote."

"Hautalia njiani?"

"Nitalia. Lakini nitafika."

Mabinti, mpimeni mtu kwa safari mtakayokwenda naye. Akipita sokoni tu, mwacheni sokoni.

Kazadi akaamuru mlango ushushwe. Wakausimamisha kwenye fremu bila bawaba, vijana wawili wakiushikilia, na Mama Adolphine akabisha mara ya pili.

"Karibu," akasema Yolande, na wageni wakaingia katika nyumba isiyo na paa.