Mtabibu wa Mji wa Chini ya Ziwa

Kila Jumamosi, sare za shule zikishafuliwa na kuanikwa, Consolate alitandika mkeka nyuma ya nyumba yao pale Kalemie kando ya ziwa, akaweka katikati beseni la maji ya ziwa. Binamu yake Joël alileta dadu. Rafiki yao Éliézer alileta daftari, maana yeye ndiye msimulizi wa mchezo. Alisimulia mji ulio chini ya ziwa, ambako samaki hupita madirishani kama ndege, na wenzake wakatembea humo, kila mmoja na shujaa wake.

Consolate alikuwa mtabibu, na msidhani ni kazi rahisi! Sheria walijitungia wenyewe: mtabibu ainamie beseni, atie mikono majini, afumbe macho mpaka msimulizi ahesabu kumi. Msimulizi ana ruhusa ya kumkatiza kwa maneno. Mtabibu akifumbua macho, dawa imevunjika; shujaa anakufa, wala harudi tena.

Jumamosi moja joka lilimjeruhi vibaya shujaa wa Joël, ambaye alikuwa naye tangu mvua za kwanza. Maskini Joël, akamgeukia Consolate.

"Yaya, dada yangu mkubwa, usiniache nife."

Consolate akafumba macho. Maji yalikuwa vuguvugu. Aliuona mji wote, mwanga wa kijani ukiteleza juu ya mapaa, akasahau kabisa kwamba yuko uani.

"Tano... sita... Consolate, mama anakuita!"

Lo! Jicho moja likafumbuka, akaona mdudu anaelea majini, kisha akalifumba upesi. Hakuna aliyeona.

"Tisa... kumi! Umefumbua?"

"Sijafumbua."

Joël aliruka, akamkumbatia. Mchezo ukaendelea, lakini Consolate kila alipofumba macho kuutafuta mji, hakuona kitu. Palikuwa giza tu. Na Joël hakuchoka kumshukuru! Aibu ikamshinda.

"Nilifumbua," akasema. "Jicho moja. Nimewadanganya."

Joël alimkodolea macho. "Kwa hiyo nimekufa?"

"Aa, tuache tu," Éliézer akadakia. "Nani atajua?"

"Si sisi tunajua?" Joël akajibu huku machozi yakimtoka. Akachukua kalamu, akalikata mwenyewe daftarini jina la shujaa wake. "Lakini kuanzia leo, mtabibu akisema papo hapo kwamba amefumbua, ahesabiwe upya. Mnakubali?"

Wakakubali. Joël akafungua ukurasa mpya, akaandika shujaa mpya: sasa naye ni mtabibu.

Mama Blandine, mama yake Consolate, ni muuguzi. Alikuwa amesikia yote kupitia mlango ulio wazi, akatoka, akaketi nao mkekani.

"Mutoto wangu, hata mimi kule kituo cha afya huitwa nikiwa napima dawa ya sindano. Nikigeuka, namwambia baba mgonjwa: Papa, nimekatizwa, ngoja nianze upya. Kukatizwa si kosa. Kosa ni kumficha, aende nyumbani akifikiri ametibiwa." Akamfuta Joël machozi kwa upindo wa kitenge. "Wewe, Consolate, umesema kweli, vizuri. Lakini ulimfurahisha kwanza kwa uongo, ndiyo maana imemuuma mara mbili. Siku nyingine sema palepale."