Mama Aliyeandikwa Marehemu

Baba yake binti alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Nusu ya mageti ya mtaa ule yalitoka mikononi mwake. Binti alikulia hapo karakana, kati ya cheche na kelele. Alipomaliza shule alimtengenezea jirani yao mguu wa bandia kwa bomba la alumini. Mguu ulilia kama bawaba kavu, lakini jirani alikwenda nao sokoni na kurudi na maringo tele.

Sasa binti alikuwa amepata ufadhili wa kwenda kusomea kazi hiyohiyo ya viungo bandia, katika nchi ya mbali. Na mama yake alikuwa katika nchi hiyo.

Mama aliondoka binti akiwa darasa la tatu. Alikwenda kufanya kazi ya kutunza wazee. Kila Jumapili alipiga simu ya video, uso wake ukajaa kwenye kioo, kisha ukazimika. Binti alikuwa akibaki ameshika simu muda mrefu, kama mtu aliyesahau kuiweka. Hamu ya mama haikumwisha. Aliizoea tu. Siku barua ya ufadhili ilipofika, hakupiga vigelegele. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akasema peke yake, "Mama, nakuja."

Ilibaki viza.

Hapo ndipo alipoingia Balozi Mdogo. Hakuwa balozi wa popote. Alikuwa na meza ya kuwajazia watu fomu nje ya duka la fotokopi, tai nyekundu, na maneno mengi. Watu walimpa jina hilo kwa utani, naye akalipokea kwa mikono miwili.

"Fundi," alimwambia baba, "mkisema mama yake yuko kule, imekula kwenu. Watasema mtoto anamfuata mama, harudi tena."

"Sasa tufanyeje?" baba aliuliza.

"Tunaandika mama ni marehemu. Kwisha habari."

Baba alikuna kichwa. Hakupenda, lakini alikubali. Jumapili walimweleza mama.

"Niue tu, mwanangu," mama alisema. "Mradi ufike."

Kisha akacheka. Binti hakucheka.

Balozi Mdogo alijaza fomu kwenye kompyuta. Aliandika jina la mama vizuri kabisa, na mbele yake akaongeza: amefariki. Fomu haikutumwa siku ile, kwa sababu ofisi ya ufadhili ilitaka kuiona kwanza. Binti alichapisha nakala, akaipeleka.

Afisa wa ufadhili alikuwa dada mmoja mwenye miwani. Aliisoma fomu mstari kwa mstari, chai yake ikipoa pembeni. Mara akainua macho.

"Jamani! Pole sana, mdogo wangu. Sikujua kama umefiwa na mama. Alifariki lini?"

Binti alifungua mdomo aseme "zamani." Machozi yakamtangulia.

"Mama hajafa, dada. Yuko hukohuko ninakokwenda."

Akaeleza yote, tangu Balozi Mdogo mpaka simu ya Jumapili. Afisa hakumfokea. Alivuta kiti, akaja kukaa karibu naye.

"Mama ana kibali cha kuishi kule?"

"Anacho. Anafanya kazi kihalali."

"Basi unaficha nini? Kuwa na mzazi kule si kosa. Kosa ni kudanganya. Wakigundua, watakunyima viza, na wanaweza kukuzuia kuomba tena kwa miaka. Ufadhili nao ndio kwaheri."

"Lakini watajuaje, dada?"

"Mama yako alipoomba kibali, aliulizwa kama ana watoto. Unadhani aliandika nini?"

Binti aliinama.

"Alikuandika wewe," afisa alisema. "Jina lako, na siku uliyozaliwa. Miaka yote hii uko kwenye kumbukumbu zao. Yeye amekuandika, wewe unamfuta?"

Hapo binti alilia kweli. Afisa alimwacha alie. Alipotulia, akamsogezea ile chai iliyopoa.

"Na wakisema sitarudi?" binti aliuliza.

"Hilo watakuuliza, na ni haki yao. Waeleze utarudi kufanya nini. Barua yetu inaonyesha nani atalipa ada na matumizi yako. Iambatishe pamoja na barua ya chuo ya kukupokea. Jina lako liwe lilelile la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Na fomu ingia mwenyewe kwenye tovuti ya ubalozi, ujaze mwenyewe. Sahihi ni yako, kwa hiyo lawama pia ni zako. Ukikwama, njoo hapa. Ushauri wetu ni bure."

"Nikifanya hivyo nitapata?"

"Siwezi kukuahidi. Anayekuahidi viza anakudanganya. Lakini angalau utaomba ukiwa na mama hai."

Jioni binti alimweleza baba. Baba alizima mashine, akavua miwani ya kazi.

"Moyo wangu ulikataa tangu siku ile," alisema. "Nilitaka tu mmoja wetu amwone." Akageukia geti lililokuwa halijaisha, akalifuta vumbi ambalo halikuwepo. Binti hakuwahi kujua kwamba baba naye alikuwa na hamu kiasi kile.

Binti alijaza fomu upya, mwenyewe. Safari hii mama alikuwa hai, na anwani yake ikaandikwa kamili.

Siku ya mahojiano, ofisa wa viza alikaa nyuma ya kioo.

"Una ndugu yeyote kule?"

"Ndiyo. Mama yangu mzazi."

"Kwa hiyo unakwenda kusoma, au unamfuata mama?"

"Nakwenda kusoma. Mama nina hamu naye sana, hilo siwezi kulificha. Nitamwona wakati wa likizo. Nikimaliza nitarudi. Hospitali ya kwetu ina fundi mmoja tu wa viungo bandia, na watu wanasubiri miguu."

Ofisa alimtazama kidogo, kisha akaendelea kuandika.

Wiki zikapita, binti akawa hali, halali. Hatimaye viza ikatoka. Balozi Mdogo akatangaza mtaa mzima kwamba ile ilikuwa kazi yake.

Mama alikuja kumpokea uwanja wa ndege. Alikuwa amevaa koti kubwa, naye alikuwa mfupi. Kwenye simu mama hakuwa na kimo, alikuwa uso tu.

"Mbona umerefuka hivi?" mama aliuliza.

"Si mimi, mama. Ni wewe umefupika."

Walicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Walishikana hapo njiani, watu wakiwapita na masanduku yao. Mama alimfuta machozi kwa mkono wa koti.

"Walipokuuliza habari zangu," alisema, "uliwajibuje?"

"Nilisema upo."