Majani Yaliyolipa Jua Kisogo

Mshonaji huyu sote tulimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Alihamia ghorofa ya tatu asubuhi moja yenye jua zuri, yeye, cherehani yake na mama yake mzazi, mgonjwa wa kitandani ambaye chakula kilikuwa kimemshinda. Jirani wa ghorofa ya chini, mwanamke mfua nguo, aliwasaidia kupandisha mizigo. Nje ya dirisha la chumba cha mama walikuta sanduku refu la mbao limejaa udongo mweusi, halina hata jani.

"Umeachiwa shamba, dada," jirani akatania.

"Basi utakuja kulima kibarua," Sindano akajibu.

Siku hiyohiyo akapanda mnanaa, mrehani, giligilani, mche wa nyanya ndogo, na maua ya manjano pembeni ili mama apate cha kutazama.

Mimea ile haikuota, ilifumuka. Mama akaanza kuonja supu yenye giligilani, akaomba chai ya mnanaa, akaweza kuketi mwenyewe. Sindano alishukuru Mungu, basi. Mgonjwa akipata nafuu, nani huuliza dawa imetoka wapi?

Jambo moja tu lilimkera. Jua lilikuwa nje, lakini majani yote yalilipa kisogo. Yaliinamia ndani, kuelekea kitandani. Akaligeuza sanduku, akarudi kwenye cherehani. Alipomaliza kupinda gauni la mteja, akachungulia.

Yalikuwa yameshageuka.

Mama naye akaanza mambo. Alijikokota hadi dirishani, akamwagilia, kisha akatumbukiza vidole udongoni na kuviacha humo, macho kayafumba, kama mtu aliyeshikwa mkono.

"Mama, unafanya nini?"

"Shh! Ana kiu."

"Nani?"

Mama akatabasamu. Sindano alilelewa na mwanamke yule, lakini tabasamu lile hakuwahi kuliona.

Akashuka ngazi mbiombio. Mfua nguo alikuwa na beseni mbele yake, povu hadi viwikoni.

"Dada, aliyekaa juu kabla yetu alikwenda wapi?"

Jirani akaacha kusugua. Akanong'ona, "Bibi mmoja, mpole sana. Hakuna aliyemwona akishuka. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Ulipovunjwa, hamna mtu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesemaje, na mgonjwa mmeshambeba hadi juu?" Akapangusa povu. "Chumba kilijaa vumbi, dada. Lakini udongo wa lile sanduku ulikuwa umelowa."

Sindano alipanda ngazi mbio. Mama alikuwa amelala, mkono umening'inia kando ya ukuta. Chini ya dirisha plasta ilikuwa imepasuka. Kwenye ufa ulitoka mzizi mweupe, mwembamba kama uzi. Ulipita juu ya godoro. Ulizunguka kifundo cha mkono wa mama. Ncha yake haikuonekana.

Ilikuwa imeingia chini ya ukucha.

Sindano akauvuta. Mama akapiga yowe. Nje, majani yakatetemeka, na hapakuwa na upepo. Akachukua mkasi wake.

"Usinikate," mama akasema. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa kavu, ya kizee. "Mimi ndiye ninayemlisha."

Akaupeleka mkasi kwenye mzizi. Akikata, je, mama atabaki? Akayatazama macho yale. Yalikuwa yanatiririka machozi.

"Kata," kinywa kilekile kikasema, kwa shida, na safari hii ilikuwa sauti iliyomlea. "Kata, mwanangu."

Akakata.

Dirishani kila kitu kilinyauka hapohapo, nyanya zikadondoka moja baada ya nyingine. Mama akarudi kuwa dhaifu kama siku ile walipofika. Lakini alikuwa mama yake. Jioni haikuwakuta pale. Walikuwa wameshahamia kwa mjomba.

Mama alilazwa hospitalini, akanyolewa nywele zake ndefu, nyeupe, kwa ajili ya matibabu, akaruhusiwa. Nafuu ikaja polepole, nafuu ya kawaida. Asubuhi moja mfua nguo akabisha hodi kwa mjomba, kanuna.

"Mmerudi kule hata kuniambia hamniambii!"

"Hatujarudi, dada."

"Acha utani. Nimetoka kumwona mama yako dirishani, anamwagilia, maji yote yananimwagikia kwenye nguo nilizoanika. Nikamwamkia. Akaniangushia hiki, akasema nimpelekee binti yake huku kwa mjomba."

Sindano alisogea tu kando ya mlango, jirani akaona uani. Mama alikuwa kitini anaota jua, kichwa chake bado kina upara, anamenya chungwa.

Mfua nguo akaketi chini palepale. Mkononi mwake kilibaki kifungu cha mnanaa mbichi, bado unachuruzika maji, umefungwa vizuri kwa unywele mmoja mrefu, mweupe.